Kuandika zabuni ya serikali inayoshinda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiandalia kampuni ndogo zabuni: usafi wa majengo, samani za shule, vifaa vya ofisi, mara chache ujenzi mdogo. Nilianza enzi za bahasha zilizofungwa kwa lakiri, nakala halisi moja na nakala za kawaida mbili, zote zinatumbukizwa kwenye sanduku kabla ya saa nne kamili asubuhi. Sanduku limekwenda, lakini maswali ninayoulizwa hayajabadilika sana. Nimeyakusanya hapa. Yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya ununuzi na mamlaka yake, kwa hiyo aliyeko Unguja au Pemba aanzie huko.

Zabuni za serikali zinatangazwa wapi siku hizi?

Kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, yaani PPRA. Ulianza kutumika mwaka 2023 ukachukua nafasi ya TANePS. Wizara, halmashauri, mashirika ya umma, vyuo, hospitali za rufaa, wote wanatangaza humo, na wewe unaomba humo humo. Sheria inayotawala ni Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 pamoja na Kanuni zake za mwaka 2024. Mtu akikwambia zabuni ya halmashauri inaombwa kwa kumtumia yeye hela na nyaraka kwa WhatsApp, huyo ni tapeli.

Jisajili leo hata kama hujaona zabuni unayoitaka. Usajili unahitaji TIN, namba ya NIDA na taarifa za BRELA, wakala wa usajili wa biashara na kampuni, na kama jina la kampuni limeandikwa tofauti kati ya BRELA na TRA, kulirekebisha kunaweza kukutoa jasho wiki nzima. Na uwe makini unapochagua aina za biashara zako kwenye mfumo. Kila zabuni hufungamanishwa na aina fulani ya biashara. Kama hukuichagua wakati wa usajili, utaitazama tu zabuni ya kazi unayoiweza na hutaweza kuiomba.

Nina kampuni changa. Nyaraka zipi niwe nazo mkononi wakati wote?

Cheti cha usajili wa kampuni au jina la biashara, TIN, cheti cha VAT kama umesajiliwa, leseni ya biashara ya kazi ile ile unayoomba, cheti cha kutodaiwa kodi kutoka TRA, na usajili wa bodi husika kama kazi inadai. Kwa ujenzi ni Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, na daraja lako liwe linaruhusu thamani ya kazi hiyo. Ongeza hati inayompa mtu mmoja mamlaka ya kusaini zabuni kwa niaba ya kampuni, iliyoshuhudiwa na wakili.

Tengeneza daftari dogo la tarehe za mwisho. Leseni hufa mwaka ukiisha, cheti cha kodi nacho kina ukomo wake, na vyote hupenda kuisha wiki ile unapotaka kupakia zabuni.

Nitajuaje kama zabuni hii niiombe au niiache?

Nenda moja kwa moja kwenye vigezo vya tathmini kabla hujasoma kitu kingine chochote. Wameomba mikataba miwili ya kazi kama hiyo ndani ya miaka mitano na wewe una mmoja? Wanataka mauzo ya wastani wa milioni 300 kwa mwaka na hesabu zako zilizokaguliwa zinaonyesha milioni 120? Iache. Kigezo cha aina hiyo ni mlango: unapita au hupiti, na maneno mazuri kwenye barua ya maombi hayaufungui.

Nasema hivi kwa sababu watu wengi wanaomba kila kitu wakiamini moja itanasa. Zabuni moja iliyoandaliwa vizuri hula siku nne au tano za mtu anayejua kazi. Ukiomba ishirini kwa mwezi, hakuna hata moja uliyoisoma. Namshauri mteja achague mbili au tatu ambazo kwa vigezo vyake vyote, kimoja kimoja, anaweza kuweka hati mezani.

Nyaraka za zabuni ni kurasa mia na kitu. Lazima nisome zote?

Ndiyo, ila zina mpangilio wake. Sehemu kubwa ya maelekezo kwa wazabuni ni maneno ya kawaida ambayo hujirudia kila zabuni. Yanayobadilika yako kwenye jedwali la taarifa mahsusi za zabuni. Humo ndimo utakuta muda wa zabuni kuwa hai, aina ya dhamana, lugha ya kuandikia, sarafu, mwisho wa kuuliza maswali, na kama ubia unaruhusiwa. Kisha vigezo vya tathmini. Kisha maelezo ya kiufundi, au hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi anayotakiwa mshauri kuifanya, kama ni ushauri elekezi. Mwisho masharti mahsusi ya mkataba, na hapa ndipo wengi huruka, halafu wanashangaa baadaye kwamba malipo ni baada ya siku fulani tangu ankara ikubaliwe, au kwamba kuna faini ya kila siku ya kuchelewa.

Ninavyofanya mimi: nachukua karatasi na kuchora safu tatu. Ya kwanza naandika kila mahali ambapo nyaraka zinasema mzabuni "atatakiwa", "lazima" au "awasilishe". Ya pili naandika hati gani inajibu hitaji hilo. Ya tatu, nani anaileta na lini. Zabuni ya usafi wa kawaida hutoa mistari arobaini mpaka sitini. Siku ya kupakia, mstari ambao safu yake ya pili iko tupu ndiyo sababu utakayoandikiwa ya kukataliwa.

Kamati ya tathmini inafanya nini hasa na zabuni yangu?

Inapita hatua kwa hatua. Kwanza uhakiki wa awali: je, uko halali kuomba, fomu zote zipo, zimesainiwa na mwenye mamlaka, dhamana iko kama ilivyoombwa? Wanaobaki wanaingia tathmini ya kitaalamu, uzoefu, wafanyakazi, vifaa na sifa za bidhaa. Wanaobaki tena ndio bei zao zinalinganishwa. Kwa bidhaa, huduma na ujenzi, kwa kawaida anayependekezwa ni mwenye bei ya chini kati ya waliokidhi yote. Kwa ushauri elekezi, pendekezo la kitaalamu hupewa alama kwanza, na pendekezo la fedha la asiyefikia alama za chini halifunguliwi. Kabla ya tuzo wanaweza kuja kuhakiki kama yale uliyoandika ni kweli.

Kumbuka kamati imefungwa na vigezo vilivyotangazwa. Hata kama mjumbe mmoja anakufahamu na aliona kwa macho yake jinsi ulivyong'arisha jengo la jirani, hawezi kukupa alama kwa alichokiona. Anatathmini kilichopakiwa. Kila ushauri wangu mwingine kwenye ukurasa huu unatoka hapo. Zabuni ni ushahidi unaompa mtu mwaminifu asiyekujua, ili aweze kukutetea mbele ya bodi ya zabuni kwa kunyoosha kidole kwenye ukurasa.

Sehemu ya kiufundi niiandikeje? Mimi huandika "tutafanya kazi kwa ubora wa hali ya juu" na bado napigwa chini.

Sentensi hiyo imeandikwa na kila mzabuni, kwa hiyo haikutofautishi na yeyote. Ngoja nichukue mfano wa usafi wa hospitali ya wilaya, kazi niliyoiandalia zabuni mara nyingi.

Mzabuni dhaifu huandika kwamba ana wafanyakazi wenye uzoefu, vifaa vya kisasa na usimamizi madhubuti. Mzabuni anayeshinda ameenda hospitalini siku ya kutembelea eneo la kazi. Amehesabu wodi. Ameona kwamba wodi ya wazazi ina vyoo vinne na foleni ya ndugu haikatiki, na kwamba njia ya kwenda kichomea taka inapita mbele ya jiko. Kisha anaandika: zamu ya asubuhi inaanza saa 12:00, wodi ya wazazi ina wasafishaji wawili na vyoo vyake vinasafishwa kila baada ya saa mbili, karatasi ya kusaini imebandikwa nyuma ya mlango na muuguzi wa zamu anaisaini. Taka za kawaida kwenye ndoo nyeusi au ya bluu, zenye maambukizi kwenye ya njano, zenye maambukizi makubwa kwenye nyekundu, sindano kwenye boksi lake la usalama. Taka zinasafirishwa kabla jiko halijaanza kugawa chakula. Mopu za chumba cha upasuaji hazitoki nje ya chumba cha upasuaji. Mfanyakazi akichomwa na sindano, anaripoti kwa fulani ndani ya muda fulani ili apate dawa kinga mapema.

Msomaji wa aya hiyo hahitaji kuambiwa kuna ubora wa hali ya juu. Ameuona.

Kwa bidhaa, namna ni nyingine. Nyaraka zina jedwali la sifa, na wazabuni wengi hujaza "inakidhi" kila mstari kuanzia juu mpaka chini. Andika thamani yenyewe. Wameomba mashine ya kurudufu inayotoa kurasa zisizopungua 40 kwa dakika? Andika mashine uliyonayo, toleo lake, idadi inayotoa, halafu taja ukurasa wa kipeperushi cha mtengenezaji unaoonyesha namba hiyo. Ukinakili maneno yao bila kutaja bidhaa, kamati haijui unauza nini. Kama wameomba barua ya idhini ya mtengenezaji, ianze kufuatiliwa siku ile ile ya kwanza, kwa sababu mtengenezaji yuko mbali na hana haraka yako.

Kwa ushauri elekezi, anza na hadidu za rejea na uonyeshe umezielewa kiasi cha kuona penye ugumu. Kama mteja anataka utafiti wa kaya katika kata sita ndani ya siku 30 na ni msimu wa masika, sema barabara zipi hazipitiki na utafanyaje. Mpango kazi wako, wataalamu uliowataja na siku ulizowapangia lazima vikubaliane. Nimeona pendekezo zuri likipoteza alama kwa sababu mtakwimu amepangiwa siku tatu za kuchambua kazi ambayo mpango kazi unasema ni ya wiki tatu.

Naweza kutumia zabuni yangu ya zamani?

Tumia wasifu, vyeti na historia ya kampuni. Mbinu za utekelezaji ziandike upya. Zabuni iliyonakiliwa hujulikana kwa jambo moja la aibu: jina la taasisi nyingine limesahaulika katikati ya ukurasa wa 17. Kamati inayokutana na jina hilo inaanza kutilia shaka kurasa nyingine zote, na ina haki.

Sina uzoefu wa kutosha. Nifanye nini?

Kuna njia tatu za halali. Ubia na kampuni yenye uzoefu, kwa makubaliano yaliyoandikwa yanayosema nani ni kiongozi na nani anafanya nini. Angalia kwanza kama nyaraka zinaruhusu na kama vigezo vinahesabiwa kwa pamoja au kwa kila mbia. Kufanya kazi kama mkandarasi mdogo chini ya aliyeshinda, kisha uombe barua ya kukamilisha kazi. Na kuanza na manunuzi ya thamani ndogo, ambako masharti ya uzoefu huwa mepesi. Kila kazi uliyoimaliza, hata ya shule binafsi au ya msikiti au ya kanisa, omba barua yenye thamani ya kazi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na mhuri. Barua inayosema tu "walitufanyia kazi vizuri" haina la kuhakiki.

Njia ya nne ni kughushi barua hizo. Usiiguse. Kamati huwapigia simu waliotajwa, na kampuni inayokamatwa na nyaraka za uongo hufungiwa kushiriki ununuzi wa umma.

Kwa makandarasi: Kanuni za 2024 zimetenga miradi ya ujenzi isiyozidi shilingi bilioni 50 kwa kampuni za ndani. Ni nafasi kubwa. Ila ushindani wa ndani umekuwa mkali zaidi, na uzembe wa makaratasi bado unawaondoa watu wenye greda na wahandisi wazuri.

Bei niiwekeje ili nishinde bila kula hasara?

Hapa nitakaa kidogo, maana nimeona kampuni zikifa baada ya kushinda.

Tuendelee na usafi. Nyaraka zinataka wafanyakazi 24 kila siku. Tuseme, kwa urahisi wa hesabu, kila mmoja analipwa 200,000 kwa mwezi. Kiwango halisi kisiwe chini ya kima cha chini cha sekta yako kwenye amri ya mishahara. Mwenye haraka anapiga 24 mara 200,000, anapata 4,800,000, anaongeza sabuni na faida kidogo, anapakia.

Amesahau mambo mawili. Mchango wa mwajiri NSSF ni asilimia 10, hiyo ni 480,000 nyingine. Na kila mfanyakazi ana likizo ya siku 28 yenye malipo kwa mwaka. Watu 24 wakienda likizo mwezi mmoja mmoja, kwa mwaka ni miezi 24 ya kazi isiyo na mtu, yaani unahitaji wafanyakazi wawili wa ziada mwaka mzima. Kwa hiyo unalipa watu 26: 5,200,000, na NSSF yao 520,000, jumla 5,720,000. Tofauti na hesabu ya kwanza ni 920,000 kwa mwezi, 11,040,000 kwa mwaka. Bado hujaweka mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ushuru wa kuendeleza ufundi kama unakuhusu, sare, buti, na mtu atakayeugua.

Kisha kodi ya zuio. Taasisi ikikulipa kwa huduma inazuia asilimia 5, na kwa bidhaa zinazouzwa serikalini asilimia 2. Ni kodi yako ya mapato iliyotangulizwa na unapewa cheti, kwa hiyo haijapotea, ila haiko benki siku ya mishahara. Ankara ya 8,000,000 ikizuiwa 400,000, na malipo yakichelewa miezi miwili, mishahara utaitoa wapi? Riba ya mkopo utakaochukua kuziba pengo hilo ni sehemu ya gharama. Iweke kwenye bei tangu mwanzo.

VAT ni asilimia 18 kama umesajiliwa. Kama hujasajiliwa, usiitoze. Soma kama nyaraka zinataka bei pamoja na VAT au bila, maana kukosea hapo kunakufanya uonekane ghali kwa karibu moja ya tano au ule hasara ya kiasi hicho hicho.

Nimalizie na bei ya chini kupita kiasi. Kamati ina haki ya kukutaka uieleze, na usipoweza kuonyesha mchanganuo unaoingia akilini, inaweza kuikataa. Mwenye mchanganuo kama huo wa juu hujibu kwa siku moja. Mwenye kubahatisha huwa hana la kuandika. Ukiulizwa "mbona mishahara yako haifiki kima cha chini?", utajibu nini?

BOQ, yaani jedwali la kazi, vipimo na bei, nijaze vipi?

Mstari kwa mstari. Usiache kipengele bila bei ukidhani utakifidia kwingine: kipengele kisicho na bei huchukuliwa kuwa kimeshalipwa ndani ya bei za vingine, na utakifanya bure. Angalia kipimo kila mara. Mita ya mraba na mita ya ujazo zimewaliza wengi.

Tamko la dhamana ya zabuni na dhamana ya zabuni ni kitu kimoja?

Hapana. Tamko ni fomu unayosaini ukiahidi hutajitoa wakati zabuni ingali hai na hutakataa mkataba ukipewa; ukivunja ahadi unaweza kufungiwa. Dhamana ya zabuni ni hati ya benki au bima yenye kiasi cha fedha. Weka ile iliyoombwa, kwa muda ulioombwa hadi siku ya mwisho. Dhamana inayoisha siku mbili kabla ya muda uliotajwa ni sawa na kutokuwa nayo.

Kuna kifungu sikielewi. Nikiuliza si nitaonekana sijui kazi?

Uliza kupitia mfumo kabla ya tarehe iliyowekwa. Majibu yanatumwa kwa wazabuni wote bila kutaja aliyeuliza. Zaidi ya hapo, swali zuri linaweza kubadilisha nyaraka. Wakati mmoja sifa za meza zilizotajwa zilimfaa mtengenezaji mmoja tu. Aliuliza mtu kama sifa inayolingana itakubaliwa, na ikatoka nyongeza ya nyaraka inayokubali. Asingeuliza, tungetoka kapa sote. Baada ya kuuliza, ingia NeST kila siku mpaka siku ya kufunga, kwa sababu nyongeza inaweza kusogeza tarehe au kubadilisha jedwali la bei.

Niandike Kiswahili au Kiingereza?

Lugha iliyotajwa kwenye taarifa mahsusi. Ikiwa ni Kiingereza na Kiingereza chako ni cha kawaida, andika sentensi fupi. Kamati haisahihishi insha.

Nipakie lini?

Siku mbili kabla. Siku ya mwisho intaneti inazidiwa, umeme unakatika, na mfumo ukifunga umefunga. Hakuna mlinzi wa kumbembeleza. Hofu kwamba mtu ataona bei yako ukiwahi ni mabaki ya zama za bahasha. Bei kwenye NeST hazifunguki mpaka saa ya ufunguzi ifike. Fungua kila faili ulilopakia uhakikishe linasomeka: cheti kilichopigwa picha usiku kwa simu, nusu yake kivuli, hakimsaidii mtu.

Sisi ni kikundi cha akina mama. Tuna nafasi?

Mnayo, na ni ya kisheria. Kila taasisi nunuzi inatakiwa kutenga asilimia 30 ya ununuzi wake wa mwaka kwa makundi maalum: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yenu, awaelekeze kuhusu usajili wa kikundi na namna ya kuingizwa NeST kama kundi maalum. Mtaji mnaweza kuuomba kwenye mikopo ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu.

Dada zangu, naomba mnisikilize katika hili: msimkubali mfanyabiashara anayetaka kutumia jina la kikundi chenu aombe yeye zabuni, awape elfu hamsini kila mmoja. Kazi ikiharibika, majina yatakayofungiwa ni yenu. Ombeni kazi mnayoiweza kwa mikono yenu, iwe kushona sare, kupika chakula cha mafunzo au kufyatua matofali, na mjifunze kujaza wenyewe. Nimeona vikundi vya watu waliokomea darasa la saba vikijaza zabuni safi kuliko kampuni zenye ofisi mjini, kwa sababu walikaa watu watano wakasoma kila mstari kwa sauti.

Wanasema bila kumjua mtu hupati. Ni kweli?

Sitakudanganya kwamba rushwa haipo. Nimewahi kuombwa, na niliondoka. Lakini katika zabuni nyingi nilizokagua nikiwa pamoja na mteja aliyeshindwa, sababu ilikuwa karatasini: fomu haikusainiwa, leseni ya biashara nyingine, uzoefu usio na uthibitisho. Mwaka wa mwanzo wa kazi yangu nilipoteza zabuni ya mteja kwa ukurasa mmoja ambao sikuusaini, na kwa miezi kadhaa niliamini tumehujumiwa, mpaka niliposoma nakala yangu. Imani ya kwamba wote wamenunuliwa huzuia mtu kujifunza alipokosea. Ukiombwa hela, piga TAKUKURU 113, ni bure.

Nimeshindwa. Nina haki gani?

Kabla ya tuzo, taasisi inawatumia wazabuni wote notisi ya kusudio la kutoa tuzo, ikitaja anayependekezwa, bei yake, na kwa nini wewe hukufanikiwa. Isome siku hiyo hiyo, kwa sababu muda wa kulalamika ni siku chache za kazi, zimeandikwa humo humo. Lalamiko linaenda kwa afisa masuuli, yaani mtendaji mkuu wa taasisi. Usiporidhika, au asipojibu kwa muda wake, unakata rufani Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, PPAA.

Andika lalamiko kama ulivyotakiwa kuandika zabuni: kigezo namba fulani kilitaka hiki, hati yangu ukurasa fulani inaonyesha hiki, tathmini imesema kile. Acha lawama na historia. Na kama sababu waliyoitoa ni ya kweli, ihifadhi kwenye faili na uisome kabla ya zabuni inayofuata.

Nimeshinda! Ninunue vifaa sasa hivi?

Subiri. Barua ya tuzo ina masharti: unaikubali kwa maandishi ndani ya muda wake, unaleta dhamana ya utekelezaji kama imeombwa, kisha mnasaini mkataba. Kabla ya saini, soma tena kiambatisho cha bei na cha muda, ulinganishe na ulichopakia. Kwa bidhaa subiri LPO, yaani hati rasmi ya taasisi ya kuagiza bidhaa. Benki kadhaa zinakopesha kwa kushikilia LPO au mkataba wa serikali, kwa hiyo nenda ukiwa na nakala hizo na mchanganuo wako wa gharama. Kila mzigo unaoufikisha uwe na hati ya makabidhiano iliyosainiwa na kamati ya ukaguzi na mapokezi, pamoja na risiti ya EFD. Ankara isiyo na hati hiyo itakaa mezani kwa mhasibu, na hata akitaka kukulipa hataweza.